Tai ya Babu na Deni Lake

Wapendwa, katika ukoo wetu mtu akifariki nguo zake hazitupwi. Siku ya kuanua matanga wazee hufungua sanduku, huita jina moja moja, na kila anayeitwa hupewa vazi la marehemu. Babu yetu alipotwaliwa, baba zetu walipewa makoti mazito na viatu, kama ilivyo haki yao. Sisi wajukuu tuliitwa mwisho. Chini ya sanduku la bati zilikuwa zimebaki tai sita nyembamba, vizibao viwili vya kijivu, kofia ya pama iliyobonyea upande mmoja, na skafu ya shingoni ya marehemu bibi yetu, ambayo babu aliitunza miaka yote ya ujane wake. Hakuna mwingine aliyevitaka vitu hivyo. Tulivichukua sisi wanne, ndugu watatu wa kiume na dada yetu mmoja.

Babu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa, huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Alivaa tai siku zote, wala hakungoja Jumapili. Alivaa akienda kufundisha, alivaa akipeleka kahawa kwenye chama cha ushirika, na wapo majirani waliowahi kumkuta kihambani akipalilia, koti na tai vimetundikwa kwenye mgomba vikimsubiri. Kwa hiyo tulikubaliana tusifanye nguo zake kuwa za sherehe. Tutazivaa kama alivyozivaa yeye, siku za kazi.

Mmoja wetu anatengeneza simu, mmoja anafundisha, mmoja anaendesha daladala, na dada yetu anauza dawa dukani. Mnaweza kufikiri jinsi watu walivyotutazama. Abiria walimwita dereva wetu "mwalimu" na kumwuliza kama anatoka kuoa au anakwenda kuoa. Wateja wa dada waliiulizia ile skafu. Hatukuchukia. Baada ya miezi michache tai sita zikawa hazitutoshi, tukaanza kushuka soko la Memorial mjini Moshi siku za kufungua belo, tukichambua mitumba ili kupata vizibao, mashati ya kola ndefu na tai za enzi hizo. Tulianza kwa kurithi, tukaishia kukusanya. Hapo ndipo swali lilipotuanza, nasi tunaliandika hapa kwa sababu tunadhani si letu peke yetu: mkristo anapoamua kuvaa nguo za zamani kila siku, je, anawaheshimu waliomtangulia, au anajipamba kwa heshima ambayo si yake?

Tulipowauliza wenzetu, jibu la kwanza lilikuwa kwamba haya ni majivuno. Tulisomewa waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, ambapo mtume anawaonya waamini wasitegemee pambo la nje. Tunalipokea onyo hilo. Mwanzoni tulijitetea kwamba Petro alitaja dhahabu, na sisi tunavaa tai iliyonunuliwa kwa bei ya chai na chapati mbili. Utetezi huo haukusimama. Mtu anaweza kujivunia kitambaa cha bei rahisi kuliko mwingine anavyojivunia mkufu. Utanashati una dhambi yake hata ukitoka kwenye belo, na mwenye kujitazama kwenye kila kioo cha gari anajua anachokitafuta.

Jibu la pili lilitoka kwa mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu tunayemheshimu. Alisema, "Wanangu, hizo ni nguo za mkoloni. Mnamkumbuka babu yenu au mnawakumbuka waliomtawala?" Hili lilitunyima usingizi zaidi ya lile la kwanza, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Tai haikuota Kilimanjaro. Katika karne ya 17 askari kutoka Kroatia, waliopigana upande wa Wafaransa, walifunga vitambaa shingoni, na Wafaransa wakaipenda desturi hiyo hata wakaliita vazi kwa jina la watu hao. Tai ndefu tunayoifahamu leo ilipata umbo lake mwaka 1924 huko New York, pale Jesse Langsdorf alipokata kitambaa kwa mshazari na kukiunga kwa vipande vitatu, ili kikifunguliwa kinyooke tena. Kwetu vazi hili lilikuja pamoja na ofisi, shule na misheni.

Lakini tuliwatazama pia majirani zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Zaire, Rais Mobutu aliwakataza wanaume suti na tai kwa jina la kurudi kwenye asili, na mahali pake akaweka koti lililoitwa abakosti. Wengi walilivaa kwa hofu. Tarehe 24 Aprili 1990, siku aliyotangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja, aliwaruhusu watu wake kuvaa tai tena. Kwa watu hao tai ikawa dalili ya kupumua. Basi kitambaa kile kile kilikuwa alama ya utawala mahali pamoja, na alama ya kufunguliwa mahali pengine. Tukajifunza kwamba kabla ya kuuliza vazi lilitoka wapi, tuulize mvaaji alilipataje na alilitumia kwa nini. Koti lake la kwanza babu alilinunua kwa fedha ya kahawa, wakati ambapo wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao wenyewe, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933. Hakuna bwana aliyempa. Lilikuwa jasho lake, na alipolivaa mbele ya watoto wa shule alikuwa akiwaambia kwamba kazi ya kuwafundisha ilistahili kuvaliwa vizuri. Mzee wetu alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Sasa niambieni ninyi mnawaambia nini watu." Hatukuwa na jibu.

Tulichokuwa nacho ni sifa. Watu wazima walitupenda. Baada ya ibada walitushika mikono, wakasema hawa ndio vijana, zamani watu walikuwa na adabu, tazameni walivyovaa. Sifa hizo zilikuwa tamu, nasi tulizimeza bila kuzitafuna. Siku moja mmoja wa hao waliotusifu, baba wa makamo ya juu, alicheka akatusimulia kwamba yeye mwenyewe alipokuwa kijana alivaa bugaluu na raizoni, na wazee wa wakati ule walimwona kuwa amepotea. Ndipo tukakumbuka historia ya nchi yetu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilipaswa kuanza tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Nguo ambazo leo tungezikuta sokoni tukazisifu kuwa za zamani na za heshima, nyingine zilifukuzwa mitaani na vijana wenzao.

Kwa hiyo ile "zamani" tuliyokuwa tukisifiwa kwayo haikuwahi kuwa kitu kimoja kitakatifu. Mhubiri, katika sura ya 7, anatuonya tusiulize kwa nini siku za kwanza zilikuwa njema kuliko hizi, kwa maana kuuliza hivyo si hekima. Tunadhani kosa letu lilikuwa hapo. Tuliacha watu waamini kwamba kola ndefu huleta tabia njema, kwa sababu uongo huo ulitufaa.

Biblia ina watu waliovaa nguo kuukuu kwa makusudi. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 9, Wagibeoni walivaa mavazi yaliyochakaa na viatu vyenye viraka, wakachukua mkate mkavu wenye ukungu na viriba vilivyopasuka, ili Israeli waamini kwamba wametoka nchi ya mbali. Nguo zenyewe zilikuwa za kweli, na viraka vilikuwa viraka. Uongo ulikuwa kwenye safari ambayo hawakuisafiri. Walivaa uchovu wa njia ndefu, na nyumbani kwao palikuwa karibu tu. Tulipokisoma kisa hicho katika ibada ya nyumbani, tulinyamaza kidogo. Tai ya babu ilikuwa na safari ndani yake: miaka ya kufundisha, ya kukaa na wagonjwa, ya kupatanisha watu waliogombania mipaka ya vihamba. Sisi tuliivaa ile tai, na safari hiyo hatukuisafiri.

Bado hatukujua uzito wa jambo hili mpaka lilipomgusa mtu.

Mmoja wetu alikuwa kiongozi katika kwaya ya vijana. Tulipendekeza, na wenzetu wakakubali kwa makofi, kwamba wavulana wa kwaya wavae tai nyembamba na vizibao kila Jumapili. Tuliona ni jambo jema. Kwaya ingependeza, wazee wangefurahi, na gharama ilikuwa ndogo. Alikuwapo kijana mmoja wa sauti ya nne, saidia fundi kwenye majengo, mwenye sauti ambayo kwaya nzima iliiegemea kama nyumba inavyoegemea nguzo. Jumapili ya kwanza ya sare hakuja. Ya pili hakuja. Tulidhani amepata kazi mbali. Zilipita Jumapili nne kabla ya mmoja wetu kumtafuta, na hilo tunaliungama kwanza, kwa maana sare tuliikagua kila wiki.

Alimkuta kwenye chumba chake cha kupanga, akifua. Walisalimiana, wakaongea habari za kazi, kisha ndugu yetu akamwambia kwamba kama shida ni tai atamletea hata mbili. Yule kijana akatabasamu, akasema, "Kaka, mimi sina shingo ya tai."

Ndugu yetu hakuelewa. Ndipo akaelezwa taratibu, kama mtu anavyomweleza mtoto. Tai haivaliwi na fulana. Inadai shati lenye kola, na shati hilo linadai suruali ya kufanana nalo, na suruali inadai viatu. Yeye alikuwa na shati moja zuri, na shati hilo halikuwa na kola. "Na ukinipa vyote," akasema, "kila mtu atajua ni vya kwenu. Nitakuwa nimesimama kwaya nzima nikiwa nimeazimwa." Wahenga wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Tulikuwa tumeisema methali hiyo mara nyingi bila kumfikiria aliyeazimwa.

Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anawataja watu wawili wanaoingia katika mkutano, mmoja na mavazi mazuri na mwingine na mavazi mabovu, na mahali wanapoketishwa. Tulikuwa tumezoea kuisoma sura hiyo tukiwawazia matajiri wenye magari. Hatukuwahi kujiona ndani yake, sisi wa tai ya chai na chapati mbili. Lakini mlango wa gharama ndogo bado ni mlango, na aliye nje yake yuko nje. Sare tuliifuta wiki hiyo hiyo. Tulikwenda wote wanne kumwomba radhi. Alitupokea vizuri, akatupa soda. Hakurudi. Sasa anaimba katika usharika mwingine karibu na kazi yake. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuliacha Kanisa, lakini hatuwezi kujisifu kwa hilo, kwa kuwa aliyemshika hakuwa sisi.

Baada ya hapo tulitaka kuzirudisha nguo zote sandukuni. Dada yetu aliikunja ile skafu, akasema yatosha. Huenda jambo lingeishia hapo, kama si mjane mmoja wa mtaa wetu, bibi mwenye umri mkubwa ambaye macho yake karibu hayaoni.

Ndugu yetu mwalimu alikuwa akipita njiani kwenda shuleni, amevaa kizibao na tai moja ya babu, akiwa bado hajakata shauri kuiacha. Bibi alikuwa ameketi barazani. Akamwita asogee.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lete hiyo tai."

Akaishika, akaipapasa mpaka ncha ya chini, kidole chake kikasimama mahali penye mshono mdogo. Akasema, "Hapa nilishona mimi. Ilichanika kwenye seng'enge ya ng'ombe wangu." Kisha akaeleza kwamba babu alikuwa akipita kwake kila Jumanne baada ya shule kumsomea Neno na kumsomea ujumbe wa mwanawe aliye mbali, na kwamba alifanya hivyo miaka mingi bila kumwambia mtu. Sisi wajukuu hatukujua. Tulijua kwamba Jumanne babu huchelewa kurudi. Bibi aliendelea kuishika tai, akamwuliza ndugu yetu, bila hasira yoyote, "Tai umeirithi wewe. Na Jumanne yangu ameirithi nani?"

Wapendwa, sisi tulikuwa tukijiuliza kama kuvaa nguo za zamani ni vyema au vibaya, na bibi yule alituonyesha kwamba tumeanza swali katikati. Tulirithi nusu. Tulichukua kitambaa kilichobaki chini ya sanduku, na kazi iliyokuwa ikifanywa ndani ya kitambaa hicho tukaiacha barazani kwa mjane.

Soma habari za Elisha katika 2 Wafalme 2. Eliya alipochukuliwa, Elisha alizishika nguo zake mwenyewe akazirarua vipande viwili, kisha akaliokota vazi la Eliya lililoanguka. Hakuliokota ili aonekane kama Eliya. Alirudi nalo mpaka ukingo wa Yordani, mahali ambapo kazi ilikuwa ikimngoja, akayapiga maji na kuuliza yuko wapi Bwana, Mungu wa Eliya. Swali lake lilimhusu Mungu aliyetumikiwa katika vazi lile. Na ukiendelea hadi sura ya 4 utamkuta na mjane mwenye deni, aliyekuwa hatarini kunyang'anywa wanawe wawili, akimwuliza ana nini nyumbani. Vazi lile lilimfikisha huko.

Wagibeoni nao walivaa kuukuu, na Elisha alivaa kuukuu. Tofauti yao haikuwa kwenye kitambaa. Wagibeoni walitaka watu waamini kwamba wametoka mbali. Elisha alikubali kwenda mbali kuanzia siku ile.

Hivi ndivyo tunavyolijibu swali letu kwa sasa. Kuvaa nguo za waliotutangulia si dhambi, na si utakatifu. Ni kama kutia sahihi. Anayevaa tai ya marehemu mwalimu, au skafu ya bibi, au hata kizibao cha mtu asiyemjua alichokitoa kwenye belo kwa sababu kinamkumbusha watu wa adabu, anasema mbele za watu kwamba adabu ile anaitaka. Basi na adaiwe. Na wenye haki ya kumdai ni watu wa aina ya bibi yule na kijana yule wa sauti ya nne, wala si wale wanaomsifu mlangoni baada ya ibada. Kama vazi linawasogeza hao karibu, livaliwe. Kama linawaweka mbali, likunjwe lirudishwe sandukuni, hata likiwa la babu, kwa maana babu mwenyewe alilitundika kwenye mgomba ilipobidi kushika jembe.

Jumanne ya bibi tumeigawana. Wiki hii huenda dereva, wiki ijayo fundi simu, kisha mwalimu, kisha dada. Hatutaki kuwadanganya kwamba ni rahisi. Zipo Jumanne tulizozikosa, na siku moja mmoja wetu alisinzia katikati ya zaburi mpaka bibi akamwamsha kwa fimbo yake. Tumegundua pia kwamba bibi anataka kusomewa majina yote katika orodha za vizazi, asirukwe hata mtu mmoja, na babu hakumruka.

Tai tunazivaa bado, siku nyingine tunazivaa na siku nyingine hatuzivai, na watu wamechoka kutuuliza. Ile yenye mshono tumekubaliana iwe ya anayekwenda Jumanne. Akiingia, bibi huipapasa kwanza kutafuta ule mshono, halafu humwambia aketi, afungue pale tulipoishia.